Sura ya Kumi na Moja: Jina Lilifichwa, Kovu Likabaki

Kila Aneth aliposhuka stendi ya Kasulu, Nurudini alimpokea begi kabla hajampokea salamu. Miaka miwili yote ndivyo ilivyokuwa. Atalichukua, atalipima mkononi kama mtu anayenunua kuku, kisha aulize, "Leo umebeba matofali, au mwami mzima na ngoma zake?" Alijua mchumba wake hatembei bila madaftari ya mambo ya kale, hata ya mwami, chifu wa zamani wa Waha. Naye Aneth alikuwa akicheka, hata kama kichwa kinamgonga kwa vumbi la njia nzima kutoka Kibondo.

Jumamosi hiyo, saa nne na robo asubuhi, Nurudini alikuwa amesimama kando ya meza ya muuza vocha, mikono mfukoni. Begi hakuligusa.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Haya, twende. Wanatungoja."

Aneth alimtazama usoni, akatafuta yale macho aliyoyazoea, yale yanayocheka kabla ya mdomo. Hakuyaona. Aliona ndevu za siku tatu na kola ya shati iliyokunjamana upande mmoja, na Nurudini ni mtu wa kupiga pasi hata soksi.

"Mama anakusalimu," alisema, ili pasiwe kimya. "Ameamka saa kumi na moja kuchuja asali ya Bibi yenu. Anasema nimpigie makofi kwa niaba yake, salamu ya Kiha hasa, na magoti nikunje."

"Bibi hatoki chumbani. Leo siku ya nane."

Wakaanza kupanda ile njia nyekundu inayoelekea mtaa wa maduka. Nurudini alitembea hatua moja mbele yake, kama mtu asiyetaka kuonekana yuko na nani.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Aneth alikuwa mwandishi wa kujitegemea, maana yake hakuwa na ofisi, wala bosi wa kudumu, wala kitambulisho cha gazeti cha kuning'iniza shingoni. Alikaa kwao Murungu, huko Kibondo, akaandika kwa kompyuta ndogo iliyobanduka vitufe viwili, akatuma makala Dar es Salaam. Aliandika majina ya vitenge na nani aliyevipa majina hayo. Aliandika mitindo ya nywele ya zama za mama zetu, nyimbo za mashabiki wa mpira, ngoma za harusi, bendi za dansi zilizokufa na wapigaji wake ambao sasa wanalima maharage. Miaka sita hiyo. Majirani walipomuuliza mama yake, Josephina, binti yake ameajiriwa na nani, mama alijibu, "Ameajiriwa na wazee wanaosahau," akaendelea kumenya muhogo wake.

Mhariri wake, bwana mmoja aitwaye Castory, ndiye aliyemnoa. Alikuwa akimwambia kwa simu, "Aneth, ukiniandikia bibi kizee nataka nimwone. Kama hana kovu, hana jino, hana mlango wa nyumba yake, hujanipa mtu, umenipa kivuli." Somo hilo Aneth alilishika kuliko masomo yote ya shule.

Basi mwezi wa tano alikwenda Kasulu kusaidia kuchambua mchele wa maulidi nyumbani kwa kina Nurudini. Bibi yao, Bi Kuruthumu, alimpenda tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyemaliza maneno ya dini yalipoanza, na maneno yalikuwa mengi, binti wa Kikristo wa Murungu kuingia nyumba ya wafanyabiashara wenye ndugu hadi Bagamoyo. Bibi aliwaambia wanawe, pamoja na mkubwa wao Abdulrahmani, ambaye Nurudini humwita Baba Mkubwa, "Huyu ni mke mwenzangu, nimemchagua mwenyewe. Mwenye wivu ni mimi na mimi sina." Siku ile ya mchele, mikono yao ikiwa ndani ya ungo mmoja, Bibi alimsimulia jambo ambalo hakumsimulia mtu kwa miaka hamsini. Alipokuwa binti, kabla ya kuolewa, aliwahi kuimba kwenye bendi ya dansi kule Ujiji. Kwao walijua anajifunza ushonaji kwa shangazi. Alisimulia macho yakimng'aa, akanyanyuka, akaonyesha hatua mbili tatu, akashika kiuno akacheka.

"Andika," alimwambia. "Andika yote. Jina langu tu usilitaje."

Aneth hakulitaja. Alimwita Bi Zuhura, akaona amemaliza. Lakini kovu la pasi ya mkaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, lenye umbo la jani la muhogo, alilitaja. Jino la dhahabu alilitaja. Mlango wa kijani unaotazama mashine ya kusaga, na cherehani ya miguu iliyofunikwa kitambaa cha maua, navyo akavitaja. Watu wa Kasulu hawakufika aya ya tatu kabla ya kumtambua. Makala ilipigwa picha, ikaingia kwenye simu za watu, ikazunguka mji mzima kabla ya adhuhuri.

"Nuru," Aneth aliita, akimkimbilia afike ubavuni. "Simama kidogo. Nimekukosea wewe, au nimeikosea familia?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Wewe naweza kukupigia magoti hapa hapa."

Nurudini alisimama, lakini hakumgeukia. "Baba Mkubwa jana hakwenda msikitini. Unaelewa, Ane? Ijumaa! Tangu nizaliwe sijaona Ijumaa amekaa nyumbani. Juzi kwa kinyozi mtu amemuuliza mbele za watu, 'Vipi, Abdulrahmani, mama bado ana sauti?' Watu wakacheka. Hiyo angeivumilia. Mwingine akaanza kuhesabu kwa vidole. Januari, Februari, Machi..."

"Anahesabu nini?"

Sasa ndipo alipogeuka. "Hujui?"

"Sijui."

"Wallahi hujui?"

"Nuru, sijui!"

"Umeandika Bi Zuhura aliimba mara ya mwisho mkesha wa kuingia mwaka sabini na sita, na mwezi ule wa kwanza akaolewa. Baba Mkubwa amezaliwa mwezi wa sita. Mwaka huo huo."

Aneth aliweka mkono kifuani. Alikuwa amehakiki kila kitu katika makala ile. Alipiga simu tano kuulizia mwaka ambao ukumbi wa bendi ulifungwa, na rangi ya mashati ya bendi aliithibitisha kwa wazee wawili. Lakini hakuwahi kufikiri kuhesabu miezi ya tumbo la mtu.

"Tarehe alinitajia Bibi mwenyewe," alisema.

"Bibi ana miaka sabini. Mwenye kalamu ni wewe."

Walitembea tena. Mbele ya duka la viatu Nurudini alisema bila kumtazama, "Baba Mkubwa ameandika karatasi. Wewe utasaini tu."

"Inasemaje?"

"Kwamba ulitunga. Bi Zuhura hayupo, hakuwahi kuwapo. Ni hadithi ya kuchangamsha watu."

"Mimi siandiki hadithi! Nikisema hii nilitunga, na zile nyingine je? Yule mzee wa Kumsenga aliyeniimbia akiwa amelala kitandani, siku nne kabla hajafa, naye nilimtunga? Nuru, mimi sina cheti cha chuo. Sina kitu duniani ila watu wakisoma jina langu wanajua hicho kitu kilitokea."

"Nakuomba."

"Unaniomba au unaniamuru?"

"Naomba, Ane." Sauti ilimkatika. "Wiki saba tu zimebaki. Dada yangu Shadia ameshanunua mpaka vitambaa vya meza vya harusi. Mimi sili, silali. Saini, tumalize, nikuoe, mambo yapoe."

Na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama sawasawa. Macho yalikuwa mekundu. Aneth alitamani kumshika shavu, pale pale mbele ya duka la watu, akajizuia kwa kukunja vidole.

Sebuleni, Abdulrahmani alikuwa kwenye kochi la peke yake, kanzu safi, miwani juu ya paji la uso. Hakuwa mtu wa kufoka. Labda angefoka Aneth angepata pa kushikia.

"Karibu, mwanangu. Umekula chochote njiani?"

"Nimeshiba, Baba Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa." Akaiweka karatasi juu ya meza ya kioo, akainyoosha kwa viganja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyezoea kuandika mihtasari ya vikao. "Mimi sina ugomvi na kazi yako. Ile ya majina ya vitenge niliibandika dukani, wateja wanaisoma mpaka leo. Lakini nina binti ameolewa Kigoma. Mkwe wangu amenipigia simu. Anauliza, kwa heshima zote, ukoo wetu ni upi. Nimjibu nini?"

"Baba Mkubwa, niruhusu niandike nyingine. Niseme nilikosea tarehe. Kosa la tarehe ni langu, nitalibeba."

"Ukisema umekosea tarehe, umekubali kwamba mtu ndiye. Wataacha kuhesabu miezi, waanze kuulizana alicheza na nani." Aliivua miwani. "Nina miaka hamsini. Baba yangu nilimuosha kwa mikono yangu hii siku aliyokufa. Leo kwa kinyozi naambiwa sikuwa mwanawe."

Aneth aliisoma karatasi mara mbili. Mistari sita. Alijisikia kama mtu aliyepewa kisu na kuambiwa ajikate mkono anaoandikia, tena kwa adabu, huku akikaribishwa chai.

"Siwezi," alisema. "Nisameheni wote. Siwezi."

Nurudini aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Kisha kutoka chumbani, nyuma ya pazia, ilisikika sauti ya Bi Kuruthumu.

"Mleteni huku. Peke yake."

Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa na mchana wote huo. Bibi alikuwa ameketi kitandani, khanga mbili mabegani, nywele hazijasukwa. Aneth alipiga magoti, akapiga makofi yale ya mama yake, taratibu, akaweka chupa ya asali karibu na mto. Bibi alitabasamu nusu.

"Umekonda, mke mwenzangu. Mume wetu hakulishi?"

"Bibi..." Machozi yakamtoka hapo hapo.

"Usilie, watasikia. Nisikilize." Alimshika mkono, na lile kovu la pasi likalala juu ya vidole vya Aneth. "Sikukukasirikia. Nilisomewa yote. Ulinipamba. Mpaka gauni la bluu ulilikumbuka, mimi mwenyewe nilishasahau kama lilikuwa na vifungo mgongoni."

"Ulifurahi uliponisimulia, Bibi. Niliona."

"Nilifurahi mno. Miaka hamsini hakuna aliyeniuliza, 'Wewe ulikuwa nani?' Wewe ukauliza, mimi nikalewa. Nikasahau nina wana." Akavuta pumzi, akashusha sauti. "Abdulrahmani ni mtoto wa mume wangu. Tulikosea wawili kabla ya ndoa, tukatubu wawili, yeye akafa na siri hiyo. Nikilisema hilo leo, nimejivua nguo mbele ya mwanangu. Nikinyamaza, wanasema ni wa mpiga gitaa. Njia imebaki moja, na iko kwako."

"Nikisema nilitunga, Bibi, na wewe unafutika. Yule binti aliyeimba hayupo tena."

"Mfute."

"Bibi!"

"Mfute, mwanangu. Nilimzika mara moja nikiwa na miaka ishirini, najua inavyofanyika. Haiumi sana. Inauma siku za mwanzo tu." Lakini kidevu chake kilikuwa kikitikisika alipokuwa akisema. "Mimi nilikufungulia mlango wa nyumba hii. Sijawahi kukudai. Leo nadai."

Aneth aliuficha uso wake kwenye khanga za Bibi, akakaa hapo kitambo, akisikia harufu ya udi na dawa ya kuchua. Alifikiria daftari zake zote, kumi na tisa, zilizopangwa Murungu juu ya kabati la vyombo. Kisha akainuka, akapangusa uso kwa kiganja, akatoka.

Alisaini akiwa amesimama. Abdulrahmani aliipiga picha karatasi kwa simu, akaituma kwa namba iliyoandikwa chini ya gazeti, akairudisha miwani usoni, wakasubiri. Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa. Haikupita robo saa simu ya Aneth ikalia, jina la Castory likatokea.

"Weka spika," Abdulrahmani alisema kwa upole. "Tafadhali, mwanangu."

Akaweka.

"Aneth? Castory hapa. Nimeletewa karatasi. Saini ni yako?"

"Ni yangu, bosi."

"Umelazimishwa?"

Aneth alimtazama Nurudini. Nurudini alikuwa akitazama kikombe.

"Hapana."

"Nakuuliza swali moja, sitalirudia. Bi Zuhura yupo, au hayupo?"

Pazia la chumbani lilikuwa limesogea kidogo. Vidole vinne vya Bi Kuruthumu vilikuwa vimelishika kwa ndani, vimelibana.

"Hayupo," Aneth alisema. "Nilimtunga."

Upande wa pili ikasikika honi ya gari la huko Dar es Salaam. "Miaka sita," Castory alisema mwishowe, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Miaka sita nawaambia vijana hapa, kama hamjui kumuuliza mzee, msomeni Aneth. Leo nitawaambia nini? Makala zako zote naziondoa. Zote, kwa sababu sasa sijui ipi ni ipi. Usinitumie tena kitu, dada yangu. Na wahariri tunaongea, unajua." Simu ikakatika.

Nyuma ya pazia palisikika kitanda kikilia, kama mtu ameketi kwa ghafla.

Abdulrahmani aliikunja karatasi mara mbili. "Umetusitiri. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa." Kisha akatafuta neno lisilo na miiba, akalikosa. "Sasa kuna hili la harusi."

Nurudini aliinua kichwa. "Harusi ina nini?"

"Fikirini wenyewe. Kesho karatasi hii itasomwa mji mzima. Binti amekiri kwa mkono wake kwamba alitutungia uongo. Baada ya wiki saba, familia iliyotungiwa uongo inamuoa, inampigia na dufu. Nani ataamini? Watasema alisaini ili aolewe. Watasema basi ilikuwa kweli. Harusi ikifanyika, karatasi hii ni takataka, na huyu binti ametupa kazi yake bure."

"Jana hukusema hivyo, Baba Mkubwa!"

"Jana sikuwa nimeisikia ile simu. Nimeisikia leo, nikafikiri." Alimgeukia Aneth, na macho yake yalikuwa na majonzi ya kweli. "Nisamehe, mwanangu. Vyote viwili haviwezekani."

Ajabu ni kwamba Aneth aliona mantiki yake. Mtu wa kuandika historia huona jambo linavyofuatana na jambo, hata likiwa linamfuata yeye. Hakuwa na kazi tena, wala harusi, na saa saba ilikuwa haijagonga. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki, kidogo, ambacho kama angekipata angeweza kurudi Murungu akiwa mzima.

"Nurudini," alisema. "Wewe unaamini nilitunga?"

Nurudini alifungua mdomo. Kisha, kabla ya neno, alimtazama Baba Mkubwa.

Ilikuwa mara moja tu, haikufika hata muda wa kupepesa jicho. Lakini Aneth alikuwa akiyajua macho yale kuliko mwandiko wake, na aliona yalikokwenda kwanza.

"Swali dogo, Nuru. Ndiyo au hapana. Mimi naondoka sasa hivi, hakuna nitakachokudai tena."

"Ane... tutaongea baadaye."

"Mbele yao."

Aneth alisubiri. Alisubiri kama alivyozoea kuwasubiri wazee wanaotafuta jina la mtu aliyekufa zamani, bila kuwasaidia, bila kukohoa. Neno halikuja. Akaitika kwa kichwa, akawaaga kwa heshima, Baba Mkubwa kwanza, kisha pazia, akatoka barazani.

Ng'ambo ya njia, kwenye mashine ya kusaga, wanawake kama kumi na tano walikuwa foleni na ndoo zao za muhogo mkavu. Wote waligeuka. Aneth aliinama kuvaa viatu vyake, vile vya wazi vyenye mkanda wa kifungo, na mikono ikamkatalia. Kidole kilikuwa hakilioni tundu. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, huku wale wanawake wakimhesabia.

Ndipo Nurudini alipotoka, mbio, bila viatu. Akapiga magoti kwenye saruji mbele yake, mbele ya mtaa mzima, akaushika mguu wake kwa mikono miwili.

"Yoo!" mwanamke mmoja wa foleni alishangaa kwa sauti. "Si kijana wa kwa Abdulrahmani yule?"

Nurudini hakujali. Alipitisha mkanda, akatafuta tundu, akafunga. Akahamia mguu wa pili. Machozi yake yalidondoka juu ya unyayo wa Aneth, ya moto, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Hukutunga," alinong'ona, akiwa bado ameinama, kama anakiambia kiatu. "Najua. Hata neno moja hukutunga."

Aneth alimtazama utosi, pale nywele zake zilipozunguka kama maji yanayoingia bomba, mahali alipowahi kupabusu mara moja tu. Alitaka kuweka mkono hapo. Aliuona mkono wake mwenyewe ukienda, akaurudisha.

"Ungelisema kule ndani, Nuru," alimwambia. "Kiatu ningekifunga mwenyewe."